Ukoko Kwenye Bia ya Mababu

Usijifanye hukuona. Siku askari walipovunja mitungi ya wale ndugu wawili wapika pombe, ulikuwa dirishani, na kelele zilipozidi ukavuta pazia. Mtaa mzima ulivuta pazia. Mdogo mtu aliburutwa kwa nywele, akakanyagwa vidole, akatupwa garini kama gunia. Dada yake, ambaye mtaa ulimwita Chachu, alizunguka vituo vyote vya polisi akipewa jibu lilelile: hapa hayupo, mama, labda kapata bwana.

Jumba la bia likafunguliwa kwenye barabara kubwa. Bango lilitangaza bia ya mababu, iliyopikwa kwa mtungi kama enzi za kale, njoo uonje bure. Chachu akaingia. Nia yake ilikuwa aionje, kisha aiteme mbele ya wenyewe.

Mhudumu akamsogezea glasi. "Taratibu, shangazi. Hii hainywewi kama chai. Kwanza utasikia moshi, halafu udongo."

"Moshi ndio ulionilea, mwanangu. Lete."

Alipiga funda moja, akaganda. Nyuma ya uchachu wa mtama kulikuwa na uchungu wa ukoko. Mdogo wake, tangu utotoni, hakuwahi kupika uji wa pombe bila kuuunguza. Akishaanza kuimba, anasahau kukoroga. Marehemu mama yao alimchapa mpaka akachoka, wateja nao wakaja kuupenda ule uchungu. Mpishi mwingine angemwaga uji ule na kuanza upya.

"Nani anapika hii?"

"Mitambo, shangazi."

"Mitambo inaimba? Mpishi wenu yuko wapi?"

Jicho la mhudumu likamponyoka, likakimbilia mlango wa chuma nyuma ya kaunta. Chachu alikuwa keshairuka kaunta. Mlinzi akamkaba shingo; Chachu akamng'ata mkono hadi meno yakagusa mfupa. Rungu likamshukia begani, kisha mdomoni. Akatema meno, akadaka chupa, akaipasulia kwenye taya la mlinzi. Akaufikia mlango, akaugonga kwa ngumi zenye vigae vya chupa.

"Mdogo wangu. Upo humo?"

Kisha sauti ndogo, iliyokauka: "Dada? Usiondoke. Wamenifunga mnyororo kwenye pipa."

Meneja akarekebisha tai. "Mtusamehe, wapendwa. Walevi hawakosekani." Akaongeza muziki.

Mlinzi wa pili akamkalia Chachu mgongoni, akamshika nywele, akaanza kumpigiza uso sakafuni bila haraka, kama mtu anayetwanga. Pua ikavunjika, watu wakaisikia. Wageni wakainamia glasi zao. Mmoja akasifu povu.

Na wewe ulikuwa umekaa pale pale, umeshika ya kwako, unajiambia hayakuhusu.

Bado anapigwa. Bado anapumua. Damu yake imepita chini ya mlango, na mdogo wake anaiona akiwa huko ndani, analia jina la dada yake, na muziki unammeza. Walinzi ni wawili, mmoja taya limeachana. Nyinyi mmejaa ukumbi. Usimtazame jirani yako, naye anakutazama wewe. Inuka. Mtoe yule mtu mgongoni mwake, kisha bebeni kiti chochote mvunje kufuli la mlango ule. Sasa hivi, kabla hajaacha kupumua.