Mtaa Usio na Taka

Mtaa mzima ulimwita Mama Mizani, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa afisa wa mkoa anayepanga mambo ya taka, na alipoambiwa achague mtaa wa majaribio hakwenda mbali, akachagua huohuo anaoishi na mama yake. Kila Jumamosi asubuhi alitundika mizani barazani na majirani wakaleta ndoo zao, maganda na makombo huku, plastiki na makopo kule. Uzito huo ndio ungeuonyesha mkoa unahitaji magari mangapi, na kama kuna haja ya kujenga kiwanja cha kugeuza makombo kuwa mbolea, ili lile jalala linalofuka moshi ubavuni mwa shule lifungwe.

Basi ndoo zikaja nyepesi. Mara ya kwanza alifurahi, mara ya pili akaanza kujisifu, na haikupita muda bosi wake akamwita ofisini na kumvutia kiti kwa mkono wake.

"Mtaa wako umetutoa kimasomaso," bosi alisema. "Watu wenu hawatupi kitu. Kwa hali hii gari moja linatosha, na habari ya kiwanja tuiache. Alhamisi ya wiki ijayo unawasomea madiwani vipimo, tumemaliza."

"Na jalala?"

"Litaisha lenyewe. Taka za kulijaza ziko wapi?"

Alitoka pale kichwa kikimzunguka. Watoto wa shule ile walikuwa wanakohoa kama wazee, na sasa yeye ndiye angesimama mbele ya watu kusema moshi uendelee. Aliamua kurudi kwa miguu, akapita mtaa wa pili. Nyuma ya kibanda cha fundi viatu akakuta rundo la vifurushi limemfika kiunoni.

"Karibu, Mama Mizani," fundi alisema bila kuacha sindano. "Umekuja kuwasalimia wa kwenu? Kila Ijumaa jioni watu wa mtaa wako wanapita hapa na mizigo, salamu tele, na wakirudi wanarudi mikono mitupu. Mimi nashona huku nimeziba pua."

Kifurushi cha juu kilifungwa kwa kipande cha shuka la maua ya njano. Shuka lilikuwa lake. Fundo nalo alilijua, limekunjwa mara mbili na ncha kuchomekwa ndani, maana ndivyo alivyofungiwa chakula cha shule miaka yote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba huenda ndicho kinachokufulia hizo nguo.

Alimkuta mama yake uani, anasugua kopo la maziwa kwa sabuni.

"Mama, taka zetu huwa unazipeleka wapi?"

"Zipi?"

"Zile ulizozifunga na shuka langu."

Mama aliliinamisha kopo lichuje maji, akajifuta mikono. "Sasa ulitaka nifanye nini? Nimekusomesha, unavaa ukapendeza, halafu unainama mbele za watu kushika uozo wa kila nyumba. Nikawaambia majirani, jamani, huyu ni mtoto wetu, mpeni vilivyo safi tu. Wakakubali wote. Hata wao walikuwa wanaona haya. Nani anamwonyesha mtoto wa mwenzake mambo yake ya ndani?"

Mama Mizani akaketi kizingitini. Alikasirika, tusidanganyane, tena sana. Lakini utamgombeza vipi mtu aliyekuwa anakustiri? Akamweleza mama habari ya gari moja, ya kiwanja, ya shule.

"Kwa hiyo ule moshi unabaki?"

"Unabaki. Na atakayeusomea risala ni mimi."

Mama alilitazama kopo lake safi. "Mficha uchi hazai," alisema taratibu. "Na mimi nimeuficha wa mtaa mzima."

Kesho yake Mama Mizani alimwambia bosi ukweli, kwamba vipimo vyote ni bure. Bosi alimtazama kama mtu aliyekirudisha chakula mezani. "Nakupa Jumamosi moja," alisema. "Baada ya hapo tunasoma tulichonacho, na kazi yako uiombee dua."

Jumamosi ilipofika, majirani wakajipanga na ndoo zao zilezile nyepesi, macho chini. Ndipo mama yake akatoka. Huyu ni mwanamke ambaye hata kitambaa cha kudekia hakianiki mbele ya nyumba. Alibeba ndoo isiyo na kifuniko, vichwa vya samaki juu, nzi wakimsindikiza, maji yake yakichuruzika kwenye gauni lake la kutokea. Akaipitisha mbele ya wote, akaitundika.

"Pima," alimwambia binti yake. "Ni zangu, na zinanuka."

Hakuna aliyecheka. Jirani wa mlango wa pili aliitazama ndoo yake iliyooshwa, akageuka akarudi ndani, na wengine wakamfuata mmoja mmoja hadi baraza likabaki tupu. Mama Mizani alijua mambo yamekwisha. Machozi yakamlenga, akajifanya anasoma mizani.

Kisha malango yakaanza kufunguka. Walirudi wakiburuta, wawili wawili kwa ndoo moja, wamegeuza nyuso pembeni. Hata nusu hawajafika, kamba ya mizani ikakatika. Mama yake akaingia ndani, akachana kilichobaki cha lile shuka la njano, akaifunga upya kwa fundo lake.