Mama Alivyokiamsha Kivuli

Kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, Mkono alipitisha kitambaa chenye unyevu kwenye vioo vya picha za sebuleni. Wala hakuwa mtu wa usafi wa kupindukia. Ni kwamba baada ya muda kidogo mama yake angepita hapo, akigusa sura moja baada ya nyingine kwa kidole, na kidole chenyewe kilikuwa kimetoka kwenye kopo la mafuta ya mgando. Mafuta ya jana yalibaki kwenye kioo kama ukungu. Ukungu ukizidi, mama hakuona watu wake, na asipowaona, siku nzima huharibika.

Mama alikuwa amesahau mengi. Alisahau choo kiko upande gani. Alisahau kwamba mumewe amefariki, na kila alipokumbushwa alilia upya, kwa hiyo waliacha kumkumbusha. Lakini ukuta aliujua. Aliupitia taratibu, akishikwa kiwiko, na kwenye ukuta huo hakukosea hata mara moja.

"Huyu mwanangu wa kwanza," alisema. "Huyu kitinda mimba wangu, mdeko huyo, usimwone hivyo. Huyu baba yao. Na huo mkanda nilimnunulia mimi."

Kisha alimgeukia aliyemshika kiwiko, akamwambia kwa adabu zake zote, "Haya nesi, twende tukanywe chai."

Mkono hakuwa nesi. Alikuwa mtoto wa pili wa mama huyo. Ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akambadilishia mashuka, akalala kitanda cha pembeni ili amsikie akiamka. Siku za mwanzo alimwambia, "Mama, mimi ni mwanao." Mama alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyepanda basi lisilo lake. "Nesi, usinitanie. Wanangu wote wako pale ukutani."

Na ni kweli, Mkono hakuwepo ukutani. Picha zote alikuwa amezipiga yeye.

Mambo hayo yalianza zamani. Baba yao alirudi nyumbani siku moja na kamera iliyokuwa ndani ya mfuko wa ngozi, akawajaribu watoto. Kaka mkubwa aliishika ikatetemeka. Binti wa katikati akaishika ikatulia, na baba akatamka mbele ya watu wote, "Huyu ndiye mwenye mkono!" Ilikuwa sifa. Mtoto wa watu akavimba kichwa wiki nzima. Kumbe ndiyo amefungwa maisha. Tangu siku ile, ikitokea sherehe, ugeni, gari jipya au jino la kwanza, jina lake likawa hilo moja: Mkono, njoo utupige. Mkono, bado moja. Mkono, rudi nyuma kidogo tuenee wote. Wote, maana yake wote isipokuwa yeye.

Baba alimfundisha sheria moja tu: jua liwe mgongoni kwako. Mkono aliishika sheria hiyo kwa moyo wote, na matokeo yake ni kwamba katika kila picha iliyopigwa nje, chini kabisa, kwenye miguu ya familia, kuna kivuli kimelala. Kichwa, mabega, na viwiko viwili vilivyochomoza pembeni. Hicho ndicho alichokuwa nacho kwenye ukuta wa nyumba ile.

Zilipokuja simu, hata hicho akanyang'anywa. Simu haijali jua liko wapi. Kaka mkubwa alimletea simu yenye kamera za kutosha, akamwambia, "Hii ni yako, dada, ili picha zetu zitoke vizuri." Simu ilikuwa na bidii. Ilipanga sura zote ilizoziona, ikauliza moja moja: huyu ni nani? Na huyu? Mkono aliijibu kwa uaminifu, jioni nzima, huku mama akisinzia. Simu ikamjua kaka, wifi, mdogo wake, watoto wa mdogo wake, hata mbwa wa jirani. Mwenye simu haikumuuliza.

Jumapili walikuja wote. Jumapili ndiyo siku ya kumpenda mama. Mdogo wake alimvisha mama kitambaa kizuri kichwani, akakaa naye shavu kwa shavu, akajipiga selfi, akairusha mtandaoni na maneno "Malkia wangu" na mioyo mingi. Kabla hajanyanyuka kwenye kochi watu walikuwa wameshamwandikia kwamba atabarikiwa kwa anavyomtunza mzazi. Mkono alikuwa jikoni anasugua sufuria.

"Mama ananiita nesi," aliwaambia siku hiyo wakila. Alijitahidi iwe kama mzaha.

"Sasa shida iko wapi?" kaka mkubwa akasema. "Si anakusikiliza? Wagonjwa huwasikiliza manesi."

"Afadhali wewe, dada," mdogo wake akasema. "Wewe unaye kila siku. Sisi ndio tunamkosa."

Mkono akaongeza mchuzi kwenye sahani ya kaka yake. Alichotaka kilikuwa kitu kimoja tu. Alitaka mama yake, kabla hajaondoka duniani, amwite mwanangu mara moja, akijua anamwita nani.

Basi, kesho yake asubuhi mama alisimama mbele ya picha ya siku waliyohamia nyumba ile. Ilipigwa nje, jua zuri. Baba yupo, mama yupo, kaka yupo amevaa shati la maua, kitinda mimba amevaa gauni la maua yale yale. Mama alikuwa mshonaji, na kwa siku hiyo aliwashonea wanawe wote kitambaa kimoja.

"Nilishona tatu," mama akasema. Alikuwa akisema hivyo kila siku, na kila mtu alijua ni ugonjwa. Kisha kidole kikashuka chini ya picha. "Huyu naye mbona amelala chini?"

"Ni kivuli, mama."

"Najua ni kivuli. Nauliza mbona amelala."

Mama akainama, akasogeza mdomo karibu na kioo. "Amka, mwanangu. Chini kuna baridi. Utachafua nguo."

Alimwamsha hivyo kila asubuhi, bila kuchoka, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaamshia watoto wa shule. Mkono alisimama pembeni kamshika kiwiko, akisikiliza kivuli chake kikiitwa mwanangu. Ilimchoma. Mara mbili ilibidi aende bafuni, afungue bomba, na kulia kidogo.

Asubuhi moja alipokuwa akifuta kioo aliona kivuli kimejiinua kwenye kiwiko kimoja. Alidhani ni mafuta ya mgando, akasugua tena. Hayakuwa mafuta. Akaenda kuipua maji.

Siku iliyofuata kivuli kilikuwa kimekaa kitako, kimekumbatia magoti. Kilikuwa kizito kuamka, na Mkono hakushangaa, kwani hata yeye utotoni hakuwa mwepesi wa kutoka kitandani. Mama alikisifu. "Sasa hapo sawa. Nawa uso."

Kisha kikasimama. Na kilipokwisha kusimama hakikuwa kivuli tena, kilikuwa msichana mwenye shingo ndefu na gauni la maua, kati ya baba na mama, mkono mmoja umeshika gauni lisipeperuke. Wengine walikuwa wamesogea ili apate nafasi. Kwa kuwa fremu ni ile ile, kaka mkubwa, aliyekuwa mwisho wa mstari, alibaki na sikio moja na nusu ya uso.

Mama alifika, kidole kikiwa tayari. Aligusa shati, akagusa gauni, akagusa gauni.

"Tatu," akasema. "Mlikuwa mnaniona nimechanganyikiwa."

Akaisogelea picha, akakazia macho kola. "Kola hii ilinitesa. Nilifumua, nikashona, nikafumua. Shingo yake ndefu kama ya baba yake." Akageuka. Akapeleka vidole vyake vyenye mafuta kwenye shingo ya Mkono, akaipima kwa shibiri, hivi na hivi, kama alivyokuwa akiwapima wateja wake, macho akiwa ameyafumba.

"Ndiyo shingo yenyewe," akasema. "Wewe mtoto, ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nilikuwa napiga picha, mama."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Mama akatikisa kichwa. "Si ungesema, mwanangu? Ningekupokea kamera kidogo."

Mkono alilia pale pale sebuleni, kwa sauti, bila kufungua bomba lolote. Kisha akacheka. Chai ilipoa wakairudisha jikoni, na mama akanywa vikombe viwili, maana siku hiyo alikuwa na hamu.

Baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia Mkono. Vivuli vyote vya ukutani viliamka, kimoja kimoja, kwa umri wake: Mkono mwenye pengo, Mkono mwenye nywele za kusuka, Mkono mwenye mimba iliyoharibika ambayo hakuna aliyeikumbuka ila yeye na mama. Kwenye picha za simu alichelewa kidogo, kwa sababu humo hapakuwa na kivuli cha kuamsha. Aliingia akitembea kutoka nyuma, mtu mwenye haraka zake, na akifika alijipenyeza. Simu ilipiga kelele jioni nzima. Huyu ni nani? Huyu ni nani? Mkono akaandika: mimi. Simu ikakubali, ikamwonyesha picha zake elfu kadhaa.

Kwenye kundi la familia kukawaka moto. Hakuna aliyeuliza imewezekanaje. Walichouliza ni kwa nini hawakutaarifiwa. Wifi, mke wa kaka, alitaka kujua gauni la kijani kwenye harusi yake Mkono alilinunua wapi, maana lilimfunika bibi harusi. Mdogo wake alilalamika kwamba sasa kwenye ile selfi ya malkia wangu kuna mtu nyuma anasugua sufuria, na watu wameanza kuuliza ni nani. Alijaribu kuikata picha pembeni. Mkono akahamia pembeni ya pili na sufuria yake. Mdogo wake akapakua programu ya kufuta watu wasiotakiwa kwenye picha. Programu ilifikiri kidogo, ikamfuta yeye mwenye selfi.

Jumapili kaka mkubwa alikuja mapema, amenuna. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya kuhamia nyumba.

"Hii naipeleka studio wairekebishe," akasema. "Mimi ndiye mkubwa. Siwezi kuwa sikio."

"Iache," Mkono akasema.

"Mkono, usilete mambo. Hata hukuwepo."

"Nilikuwepo. Nani alikupiga?"

Kaka akaishusha picha kutoka kwenye msumari. Ukutani pakabaki mraba wenye rangi ya zamani. Mkono alijua kesho asubuhi mama angefika hapo na kidole, na kidole kingekuta ukuta mtupu, na neno lililochukua maisha yake yote kufika lingeondoka kwenye kiti cha nyuma cha gari la kaka yake.

Mama alikuwa kwenye kochi. Alimtazama mwanaume aliyeshika picha. Alimtazama sana, akatafuta, akageukia ukuta kuomba msaada, na ukutani mwanaume yule alikuwa sikio hapa, bega pale, nusu ya tabasamu kule.

"Fundi," mama akasema kwa adabu. "Hebu rudisha hiyo picha. Hatujakuita."

"Mama, ni mimi."

"Nimesikia, fundi. Kuna watoto wangu watatu humo ndani. Rudisha, halafu mwanangu atakupa chai." Akamnyooshea Mkono kidole. "Yule pale. Wa pili wangu."

Sebule yote ilisikia. Mdogo wake alisikia, wifi alisikia, na kaka mkubwa, mtu wa kusimamisha vikao, akairudisha picha kwenye msumari na kuinyoosha kwa ncha za vidole isikae upande. Mkono alimpa chai. Hakuna chai aliyowahi kuimimina kwa raha kama ile. Aliijaza hadi mdomoni mwa kikombe na haikumwagika hata tone, maana mkono, tuseme ukweli, anao.

Baada ya chakula walitoka nje kupata picha ya pamoja. Kiti cha mama kikawekwa katikati, kitambaa kikanyooshwa kichwani. Wakajipanga. Kaka mkubwa safari hii aliwahi karibu na kiti.

"Haya, Mkono," akasema, akimnyooshea simu. "Tupige."

"Leo apige mwingine."

"Wewe si utakuwemo tu? Kazi iko wapi?"

Wakacheka wote, hata mdogo wake. Mkono akaichukua simu. Kwa mazoea akaliweka jua mgongoni. Kivuli chake kilitua kwenye majani, hakikulala hata sekunde, kikanyanyuka na kwenda kusimama nyuma ya kiti cha mama, mikono yote miwili mabegani kwake. Picha ilitoka vizuri kupita zote. Kaka alipata sikio.

Walipoondoka, magari yakipiga honi, sahani zilikuwa bado mezani na sufuria zimeganda mafuta. Hakuna aliyeuliza nani ataziosha, wala nani atabaki na mama Jumatatu. Mkono aliziosha, akachemsha maji, akayapeleka bafuni, akamkalisha mama kwenye kigoda cha plastiki. Mama akainua mikono juu ili avuliwe blauzi, kama kila jioni.

"Mwanangu," akasema, "maji yasiwe ya moto sana."

Mkono akaongeza ya baridi.