Miiba Iliyotazama Nje

Mtoto wa Mutindi alizikwa Jumatatu. Mbwa mwenye kichaa aliyemuuma pale sokoni Ikutha hakuwa na mwenyewe, lakini amri iliyotoka iliwahusu mbwa wote: kufikia Ijumaa kila mbwa awe ndani ya ua au kwenye kamba. Atakayekutwa nje atapigwa risasi.

Kalondu hakuilaumu amri. Alikuwa ameona jinsi Mutindi alivyoshikwa mikono miwili kaburini. Ila nyumbani kwake alikuwa na mbwa wawili. Mmoja aliitwa Karani, kwa sababu alikaa mlangoni akimkagua kila mgeni kama anayedai barua. Mwingine alikuwa mama yake, ameshazeeka, na jina lake la kwanza lilikuwa limesahaulika. Watu walimwita Mama Karani. Tangu Kalondu afiwe na mumewe, Karani ndiye aliyemsindikiza mtoni kila asubuhi, mwendo wa saa nzima, bila kumtangulia wala kubaki nyuma. Kamba hakuitaka. Alizikata mbili kwa meno siku ya Jumanne pekee.

"Basi tujenge," alisema Mzee Hassan, jirani yake mwenye duka la nafaka. Alikuja na mabati manne makuukuu kichwani na misumari mfukoni.

"Wewe na mbwa, Hassan?"

"Najenga nyumba, sijengi mbwa. Wewe waweke mbali tu. Wakinilamba nitaoshwa mara saba."

"Nitakuchotea maji."

"Maji gani, na wewe mtungi mmoja unautafuta saa nzima!"

Walicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Hassan akasimamisha nguzo na kuezeka kibanda, akaacha mwanya upande wa mashariki jua la asubuhi liwafikie. Kalondu akakata matawi ya mgunga, akayakokota kwa mashina na kuyapanga kuzunguka kibanda kama baba yake alivyomfundisha: mashina ndani, miiba nje, matawi yapande hadi kifuani. Fisi akileta pua, arudi na pua yake. Alhamisi jioni ua ulikuwa umekamilika. Kalondu akajaribu kuusukuma kutoka nje, akachomwa, akafurahi.

Ijumaa asubuhi aliwawekea mbwa uji, akafunga lango kwa tawi kubwa, akaondoka akinyata kama mwizi na mtungi wake mgongoni. Nyuma yake Karani alilia mara moja, kisha akanyamaza. Kalondu akamshukuru Mungu kwa ule ukimya.

Alikuwa ameinama juu ya shimo la maji katikati ya mchanga wa mto alipohisi pumzi kisiginoni. Karani alikuwa pale, mkia ukichapa huku na huku. Mdomo wake ulikuwa umechanika. Damu ilichanganyika na mate, ikamdondoka kifuani.

Na ng'ambo ya mto walikuwa wamesimama askari wawili.

Kalondu alivua leso yake ili amfunge shingoni. Fundo likateleza.

"Susu, sogea," askari mmoja aliita, akimheshimu kama bibi yake mzaa mama.

"Ana nyumba! Nimemjengea jana, njoo uone. Hiyo damu ni ya miiba tu!"

"Susu, mdomo wake nauona. Na yule mtoto nilimbeba mimi. Sogea, tafadhali."

Karani, aliyezoea kusalimu wageni, alienda mwenyewe kumkagua.

Baada ya risasi askari yule alivua kofia. Akauokota mtungi, akaujaza kata kwa kata bila kuharakisha, akaubeba hadi barabarani. Kalondu alitembea nyuma yake akiwaza kwamba huyu alilelewa vizuri.

Hassan alimkuta amesimama ndani ya ua. Juu ya miiba kulikuwa na manyoya na tone la damu. Chini yake mashina yalipandana moja juu ya jingine, laini, kama ngazi.

"Kalondu," alisema polepole, "tumejenga ua wa mbuzi."

"Wa mbuzi," Kalondu alisema. "Umri wangu wote nimezuia kitu kisiingie. Kuzuia kisitoke sikufundishwa na mtu."

Hassan akashika shina la kwanza, akaligeuza. Kalondu akashika la pili. Mama Karani akajikokota kutoka kibandani, akaulamba mkono wa Hassan, kisha akalala akilitazama lango. Hassan hakuuondoa mkono. Kalondu akaenda kwenye mtungi, akarudi na kata, akammiminia mara saba.

Mama Karani hakuwa na nguvu ya kuruka hata kizingiti. Wote wawili walilijua hilo. Wakaendelea kugeuza miiba hadi adhuhuri.