Mguu Mgonjwa Hutangulia Kushuka

Mume wangu Respicius alishuka ngazi peke yake siku ya Jumanne, tarehe ishirini na mbili Septemba 2009, saa nne asubuhi. Tulikuwa tunakaa Xiaobei, mjini Guangzhou, China, ghorofa ya sita, kwenye jengo lisilo na lifti. Vidato ni tisini. Khalid alikuwa ametangulia na begi na alikuwa anamsubiri chini kwenye teksi. Mimi nilibaki mlangoni, kwa sababu wiki ile polisi walikuwa wanakagua pasipoti kwenye kichochoro chetu, na viza yangu ilikuwa imekwisha zaidi ya mwaka.

Baada ya kona ya kwanza sikumwona tena. Nilimsikia tu. Fimbo, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Fimbo, kulia, kushoto. Kwenye ghorofa ya tatu sauti ikakoma. Nikashika reli, nikashuka vidato viwili.

"Mama Teddy," akasema kutoka huko chini, wala hakupaza sauti. "Rudi ndani. Napumzika tu."

Sijui alinisikiaje. Nilikuwa peku.

Fimbo ikaanza tena. Halafu nikasikia mlango wa chuma wa chini unafunguka na kujifunga. Tangu hapo sikuisikia tena sauti yake ila kwa simu.

Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau mambo madogo. Shati aliloondoka nalo nilikuwa na hakika ni la bluu. Juzi nimelikuta la bluu chini ya godoro.

*

Kiharusi kilimpata mwezi wa nne mwaka uleule, kwenye barabara ya Guangyuan Xilu, kwenye duka la jumla la suruali za jinzi. Respicius alikuwa na mtindo wake wa kununua. Akitajiwa bei hutupa nguo mezani, hugeuka na kuondoka, na mimi hutangulia na mkoba kama niliyekasirika zaidi yake. Tukifika mlangoni tunaitwa. Miaka minne tuliyofanya biashara pale tuliitwa karibu kila mara.

Siku ile suruali ilimponyoka mkononi. Akaiokota, ikaanguka tena. Mwenye duka akacheka, akasema bei ni ileile, laoban, yaani bosi, hata ukitupa mara kumi. Na mimi nilidhani ni mtindo wetu. Nikachukua mkoba nikatoka. Nilikuwa nimepiga hatua kama kumi nje ya duka ndipo nikageuka, kwa sababu hakuna aliyetuita. Respicius alikuwa chini, katikati ya marobota mawili, na midomo yake imekwenda upande.

Hizo hatua kumi nimezirudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

Alilazwa wiki tatu. Mkono na mguu wa kulia vilipooza, maneno yakarudi taratibu. Hospitalini ndipo tulipomkuta Khalid, Mtanzania mwenzetu kutoka Tanga, aliyekuwa na ufadhili wa kusomea tiba ya mazoezi ya viungo, mwaka wa nne. Alitusikia tukinong'onezana Kiswahili kwenye korido, akaja na kusalimia. Tuliporudi nyumbani akawa anakuja kila Jumatano na Jumamosi. Alimshonea Respicius mkanda wa kiunoni kwa ile mikanda tunayofungia marobota, ili awe na pa kumshika wakati wa kumfundisha kutembea.

"Polepole, kaka," Khalid alikuwa akimwambia. "Mguu huu uubembeleze."

"Nyie watu wa Tanga kazi yenu kubembeleza. Huu mguu ni wa Kihaya. Ukiubembeleza unaringa."

"Basi, kwa mnavyopenda vyeti Wahaya, utauonyesha cheti utembee?"

Walikuwa hivyo siku zote. Mimi nikisikia vicheko vyao huwa niko jikoni nasaga ndizi, maana nilikuwa nampa chakula laini bado, hata baada ya Khalid kusema anaweza kutafuna.

Nieleze jambo moja hapa, la sivyo mengine hayataeleweka. Barua ya hospitali ilimwongezea Respicius viza hadi tarehe thelathini Septemba. Baada ya hapo angekuwa kama mimi. Na sisi tulioishiwa viza tuliishi kwa miguu. Ikisikika kelele chini, wenye nguvu wanapanda darini, wengine wanatokea mlango wa nyuma kupitia jiko la jirani. Yeye angekimbilia wapi? Kwa hiyo ilikuwa lazima aondoke kabla ya siku hiyo, arudi Bukoba kwa mama yake na kwa mtoto wetu Teddy. Lakini shirika la ndege lilikataa kumchukua bila msindikizaji, ila awe na barua ya daktari kwamba anatembea, anapanda na kushuka ngazi, anakwenda chooni na kula bila kusaidiwa.

Msindikizaji angekuwa mimi. Ningeweza kwenda polisi mwenyewe nikajieleza, nikalipa faini, tukaondoka wote. Mama mmoja wa Kahama aliyekuwa akikaa ghorofa ya pili alikamatwa, akawekwa ndani siku thelathini, akarudi kuchukua vitu vyake amekonda na hasemi na mtu. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

Kwa hiyo Respicius alikuwa anajifunza kutembea ili aniache. Mimi nilikuwa namhudumia. Namlisha, namwogesha, namfunga vifungo, namletea kopo la mkojo kitandani. Watu wa korido yetu walinisifu. Yustina, jirani yangu wa mlango wa pili, alisema sijapata kuona mke kama wewe. Nami nilizipokea sifa hizo.

*

Mwezi wa nane mwanzoni nilitoka alfajiri kwenda kuchukua mzigo mdogo, nikarudi saa mbili. Juu ya rafu tulikuwa tunaweka kopo la senene, wale panzi wa kukaanga wa kwetu, ambalo mama mkwe alitutumia, kopo la plastiki lenye kifuniko kigumu ambacho hata mimi hukifungua kwa kitambaa. Siku hiyo nililikuta mezani, liko wazi, na senene wamepungua.

"Nani amefungua?"

"Panya," akasema Respicius.

"Panya wa Guangzhou wanajua senene?"

"Huyu amekaa na Wahaya."

Kwenye kidole gumba cha mkono wake wa kulia, ule uliopooza, palikuwa na alama nyekundu ya kifuniko. Nikaiona. Nilipaswa kupiga vigelegele. Nililichukua kopo, nikalifunga, nikalirudisha kwenye rafu, na nikalisukuma nyuma zaidi ya pale lilipokuwa.

Jumatano iliyofuata Khalid alikuja na fomu. Ilikuwa ya Kichina, ya darasani kwao, naye alikuwa ameinakili kwa Kiswahili kwenye karatasi ya daftari. Upande mmoja palikuwa na orodha: kula, kuvaa, kuoga, choo, kutembea, ngazi. Mbele yake safu mbili. Ya kwanza aliandika *Anachoweza*, ya pili *Anachofanya*.

"Hii ya kwanza najaza akiwa na mimi," akatueleza. "Hii ya pili ni mkiwa wenyewe hapa ndani, siku ya kawaida. Mwalimu wangu ndiye atakayetia saini barua ya ndege, na anaziangalia zote mbili."

Akamwambia Respicius afunge vifungo vya shati. Vifungo vitano, dakika saba. Respicius alitoka jasho kama aliyebeba robota, lakini alivifunga. Khalid akaandika *anaweza*. Akampa kijiko, akala. *Anaweza*. Wakaenda chooni, wakarudi. *Anaweza*. Kwenye ngazi walishuka ghorofa moja na kuipanda.

"Kupanda, mguu mzima unatangulia," Khalid alikuwa anasema. "Kushuka, mguu mgonjwa unatangulia, pamoja na fimbo."

"Hata ngazi zina itifaki."

Waliporudi wakakaa, Khalid akaanza safu ya pili. Kula, nani anamlisha? Mimi. Kuvaa? Mimi. Choo? Mimi. Alikuwa anaandika *hafanyi*, *hafanyi*, hadi chini ya karatasi. Kisha akaweka kalamu.

"Kaka, safu ya kwanza imejaa. Ya pili huna kitu. Katikati yake kuna nini?"

Respicius akacheka. Akasema, "Katikati yake kuna Mama Teddy."

Khalid hakucheka. Aliniangalia kwa heshima, kama mtu anayeomba radhi. "Shemeji, sisemi umekosea. Sisi tunafundishwa kwamba ulemavu hauko mguuni peke yake. Mguu ni wa kaka, ngazi ni za mwenye nyumba, viza ni ya serikali. Vyote vinahesabiwa. Na uji unaomlisha nao unahesabiwa."

"Niache kumhudumia mume wangu?"

"Wiki moja tu. Usimshike ila akianguka. Jumatano ijayo nitajaza tena."

Alipoondoka nilimuuliza Respicius kwa nini hakuniambia kwamba mkono umerudi kiasi kile.

"Ulikuwa unafurahi kunilisha," akasema. "Tangu siku ya dukani ndiyo furaha pekee niliyokuona nayo."

*

Wiki ile ndiyo ninayoikumbuka vizuri kuliko miaka yote kumi na mmoja ya ndoa. Asubuhi ya kwanza alichukua dakika arobaini kuvaa. Nilikaa kitandani nikaikalia mikono yangu. Kifungo cha tatu kilipomtoka mara ya nne nikasimama.

"Geukia ukutani," akaniambia.

Nikageukia ukutani. Nilikuwa nasikia anavyopumua. Ukuta ule una ufa unaoanzia kwenye swichi, na mpaka leo naweza kuuchora.

Siku ya pili alimwaga supu mapajani. Siku ya tatu alikaa chooni muda mrefu nikaanza kulia mlangoni, naye akanijibu kutoka ndani, "Mama Teddy, kuna foleni?" Siku ya tano niliamka nikamkuta hayuko kitandani. Alikuwa amesimama kwenye meza ya chupa ya chai, fimbo imeegemea ukuta, kikombe kwenye mkono wa kulia. Kutoka pale hadi kwangu ni hatua nne. Alizitembea bila fimbo, mguu unaburuta, chai inamwagika sakafuni kila hatua. Kilifika nusu.

Nikakipokea. Hakuwahi kuniletea chai tangu anioe.

"Kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni kiharusi," nikasema.

"Ungesema mapema," akajibu.

Tukacheka mpaka Yustina akagonga ukuta. Halafu nilikunywa ile nusu, na nilijua kwamba ataondoka.

Jumatano Khalid alijaza safu ya pili. Mwalimu wake alisaini barua tarehe tano Septemba. Siku zilizobaki Respicius alizitumia kwenye ngazi, ghorofa moja, mbili, tatu, na mimi nilimfuata nyuma nikiwa na mkanda wake mkononi bila kumfunga kiunoni. Asubuhi ya kuondoka nilimpikia ndizi, ingawa ndizi mbichi za huku haziivi kama za kwetu. Alikula mwenyewe. Kopo la senene alilitoa kwenye rafu, akala wachache, akalifunga kwa mkono wa kulia, akaniachia.

*

Alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Aliongea kama anayejaza fomu, ili nicheke. Nimeoga mwenyewe. Nimekwenda misa kwa miguu, nimerudi kwa pikipiki. Teddy anataka kunifunga kamba za viatu, nimemkataza akalia, nikamwachia kiatu kimoja.

Tarehe kumi na nne Novemba, Jumamosi, kiharusi cha pili kilimpata akiwa jikoni kwa mama yake. Hakufika hospitali. Walimzika Jumatatu. Dada yake alishika simu karibu na kaburi ili nisikie, lakini nilichosikia zaidi ni upepo, na kuna mahali nilisikia majembe.

Khalid alipokuja kunipa pole nilimuuliza kama Respicius angebaki hapa na mimi ningemlisha angekuwa hai. Alisema kiharusi cha pili kinaweza kuja popote, hata kitandani, hata kwa mtu anayelishwa. Nilimuuliza mara tatu na mara tatu alijibu vilevile. Sikuridhika, lakini sikuuliza tena.

Kabla ya kutoka akasema, "Shemeji, mara ya mwisho umeshuka chini lini?"

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Msako ulipokaza kuelekea sikukuu yao ya Oktoba niliacha kabisa kutoka. Yustina alikuwa ananiletea mchele na mboga. Nilikuwa nimekaa humu ndani zaidi ya miezi miwili na miguu yangu miwili mizima.

Fomu ya Respicius, ile nakala ya Kiswahili, Khalid alikuwa ametuachia. Nimeipitia mara nyingi. Usiku wa Krismasi nilichora safu mbili nyuma yake, nikaandika jina langu, Leokadia, na chini yake: ngazi. Safu ya kwanza nilijua cha kuandika.

Wiki hii nimeanza kushuka. Jumatatu ghorofa moja, jana mpaka chini. Kwenye ghorofa ya tatu, pale aliposimama, pana dirisha dogo linaloonyesha paa la jirani na nguo zilizoanikwa. Nilisimama pale nikapumzika kidogo. Sikuwa nimechoka.

Tumekubaliana na Khalid. Jumatatu ijayo, tarehe kumi na nane Januari, nakwenda ofisi ya polisi ya wageni kuonyesha pasipoti yangu, naye atanitafsiria. Begi ni moja. Kopo la senene limo, sijalifungua. Saa tatu asubuhi ananisubiri chini.