Koti la Chembe za Fedha

Ukimharakisha huyu mkemia, umejitafutia balaa. Maabara nzima ilimwita Bi Matone, kwa sababu dawa ambayo wenzake wangeimwaga, yeye huidondosha tone kwa tone, na jina lenyewe alilipenda kweli. Siku hiyo daktari wa wodi ya majeraha ya moto alikuwa anakuja kuziangalia chembe zake za nano za fedha, ndogo zisizoonekana kwa macho, za kupaka kwenye bandeji. Mara ya kwanza daktari alizitia maji ya chumvi, zikagandana, chupa ikawa kijivu mbele ya macho yake. Kidonda kina chumvi, akasema, akaondoka zake. Zikigandana tena leo, harudi.

"Hazigandani," Bi Matone alimwambia wifi yake. "Safari hii nazivalisha koti."

Wifi, dada wa mumewe, ndiye aliyeshika mashine ya kupima ukubwa wa chembe. Alicheka. "Koti, na joto lote hili?"

"Utandu mwembamba wa plastiki, we mcheshi. Zisishikane."

Akaiweka chupa kwenye barafu, akamimina maji yenye fedha iliyoyeyushwa. Lahaula! Yakageuka meupe kama maziwa, hata dawa ya kuifanya fedha iwe chembe hajaidondosha.

"Nani kaosha hii chupa?"

Wifi aligeuka kutoka kwenye mashine. "Mimi. Niliona ina vumbi, nikasema nikusaidie. Nimeisuuza bombani."

Maskini, nia yake ilikuwa njema. Lakini maji ya bomba yana chumvichumvi zake, na fedha ambayo bado haijawa chembe zenye koti ikikutana nazo, habari yake imekwisha. Ndiyo maana vyombo vya kazi hii husuuzwa kwa maji ya mtungi, yaliyogeuzwa mvuke yakapozwa. Na sasa fedha iliyobaki ilitosha chupa moja tu.

"Nimekuharibia, wifi yangu," alilia. "Nimekuharibia kabisa!"

"Futa machozi, nayo yana chumvi. Nenda kaoshe nyingine."

"Mimi tena?"

"Kwani hapa nina wifi mwingine?"

Aliosha, akasuuza kwa maji ya mtungi, akarudia. Bi Matone akaanza upya. Tone. Akatikisa taratibu. Tone. Mlango ukagongwa.

"Daktari huyo! Mwaga basi, jamani!"

"Akae kwanza. Nikimwaga, chembe zitanenepa."

Akaendelea vile vile, tone, akatikisa, tone. Maji yakaanza kuwa ya njano, njano ikakolea ikang'aa. Hapo ndipo akaongeza utandu. Wifi alipima, akapiga kigelegele: chembe zote zilikuwa za ukubwa mmoja, ule ule waliokuwa wakiutafuta.

Daktari aliingia amenuna kwa kusubirishwa. Hakusalimia sana. Alichukua maji ya chumvi mwenyewe, akayamimina chupani, akakunja mikono. Njano. Akaongeza mengine, mengi kupita ya mara ile. Wifi alijiziba mdomo. Njano vile vile.

Daktari aliinua chupa dirishani, akaitazama mpaka akasahau kununa. "Nataka ya wodi nzima," alisema. "Nani atanitengenezea?"

"Kudondosha ni kazi yangu." Bi Matone alimshika wifi yake mkono, akamvuta mbele. "Vyombo anaosha huyu. Mwingine yeyote asiguse chupa zangu."