Lango la Shule ya Zamani

Watu walimwita Mama Funguo, kwa kuwa ndiye aliyetunza shule ya zamani, ile ya mbao iliyo kilimani nje ya mji, ambayo wakubwa waliitangaza kuwa urithi kisha wasiipe hata kopo la rangi. Yeye hakujali rangi. Baba yake alifundisha humo maisha yake yote, na sasa uzee ulipomchanganya akili, darasa la mwisho upande wa kulia ndilo mahali pekee alipomtambua bintiye. Nyumbani alimwita nesi. Darasani, mbele ya ubao, alimgeukia na kusema, "Mwanangu, umekula?" Kwa ajili ya hilo tu alimpandisha kilima kila siku, akimshika mkono.

Ndiyo maana manispaa ilipotaka kupanua lango la mawe la shule, njia pekee ya gari kuingia, Mama Funguo alikuja juu. Jiwe la urithi haliguswi! Alizunguka ofisi kwa ofisi mpaka wakubwa wakanywea. Lango likabaki na upana wake wa enzi za mikokoteni, naye akatamba mji mzima.

Moto wa nyika ulipanda kilima mchana kweupe, upepo ukiusukuma bila huruma. Mama Funguo alimtoa baba yake darasani, akamvusha lango, akamketisha kwenye ukingo wa barabara. Zimamoto hao, king'ora juu. Gari jipya, pana, la kupendeza. Likafika langoni, likasimama.

"Mama, hapa hapapitiki," alisema dereva.

"Jaribu tena, mwanangu!"

Alijaribu. Vioo vya pembeni vikavunjika, ubavu ukakwaruza jiwe, gari likagoma. Wakaunga mipira yote ya maji waliyokuwa nayo na kuivuta kwa miguu. Maji yaliishia katikati ya uwanja, yakalowesha nyasi ambazo hazikuwa zikiungua.

"Vunjeni lango!" alipiga kelele Mama Funguo. "Vunjeni, nimesema!"

Mkuu wa kikosi alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Tukiliangusha, mama yangu, kifusi kitaziba njia yote. Kukiondoa ni kazi ya kutwa."

Mchuma janga hula na wa kwao. Mama Funguo alisimama mikono kichwani huku paa likiwaka upande wa kushoto, kisha katikati, moto ukila mbao kavu bila haraka, ukielekea kulia. Vijana wa zimamoto walikuwa na maji tele, nguvu tele, na hawakuwa na la kufanya. Mmoja alivua kofia yake. Darasa la mwisho liliporomoka kwa kishindo.

Mzee akainuka. Alimshika mkuu wa kikosi mkono.

"Bwana, binti yangu yumo ndani. Mtoeni."

"Mzee, binti yako si huyu hapa?"

Mzee alimtazama Mama Funguo kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgeni. "Huyu? Huyu ni nesi." Akaugeukia moto, akaita kwa sauti ya mwalimu, "Mwanangu! Toka, mwanangu!"

"Abee, baba," aliitika Mama Funguo, machozi yakimtiririka. "Nipo hapa, baba."

"Nyamaza kidogo, nesi," alisema mzee, akitega sikio. "Namsikiliza mtoto wangu."