Siku Jaha Alipotoka Kutembea

Arobaini ya uzazi ilipokwisha, Jaha alimwomba mumewe jambo moja tu: amrudishe kwao Kilimatinde. Hakugombana wala hakulia, na utulivu huo ndio uliomtia Mrisho hofu. Akajiambia kwamba mkewe amechoshwa na kuta nne, basi atamtembeza mpaka wazo hilo limtoke.

Mrisho alikuwa mpagazi wa zamani. Njia ya Tabora mpaka pwani aliimaliza kwa miguu, mzigo begani, hata reli ilipofika Dodoma na Wajerumani wakaacha kuhitaji mabega ya watu, akawa anapakia magunia stesheni. Alijisifu kwamba mtu aliyeiona dunia kiasi hicho hakosi pa kumpeleka mke.

Kwanza akampeleka kutazama gari la moshi. Honi ikalia, mtoto Abbasi akapasua koo, Jaha akamfunika kanga na kugeukia ukuta. Gari lenyewe hakuliona. Kisha wakaenda ngomani, na huko, kwa vumbi lile, Jaha alishinda uani kwa watu akinyonyesha. Mrisho alifurahi mara zote mbili, akashangaa mwenzake anarudi amenuna.

Mara ya tatu ilikuwa baada ya mvua, upande wa Miyuji, ambako korongo lilikuwa linatiririka maji. Mrisho alitangulia na fimbo yake, mwendo wa msafara. Alipogeuka, Jaha alikuwa ameketi juu ya jiwe, mtoto mgongoni.

"Baba Abbasi, anayetembea ni wewe," alisema. "Mimi namhamisha mtoto tu."

Mrisho akaitazama mbeleko iliyomshika mtoto mgongoni. Alikwisha kubeba pembe, mahema, hata masanduku ya chupa za wazungu, lakini mwanawe hajawahi kumbeba hata hatua moja. Akainama, akamwambia amfunge ile mbeleko.

"Watu watakuona."

"Nifunge."

Hawakufika mbali wakakutana na Shaaban, mpakiaji mwenzake. Shaaban akamtazama mgongoni, akauliza kama shemeji anaumwa. Jibu la kumwokoa Mrisho lilikuwa tayari ulimini. Angesema ndiyo, aibu ingekwisha palepale. Lakini mbele kidogo Jaha alikuwa amesimama, anasikiliza.

"Hajambo kabisa," Mrisho akasema. "Ametoka kutembea."

Shaaban akaenda zake akicheka. Kesho stesheni nzima ingekuwa na habari, na Mrisho alijua. Masikio yalimwaka moto.

Jaha akashuka korongoni, akapandisha kanga, akaingia majini, akaenda huku mikono ikining'inia mitupu mpaka akapotea kwenye kona, kisha akarudi taratibu. Abbasi alipoanza kulia, Jaha alinyoosha mikono kwa mazoea ampokee. Mrisho akakataa, akaanza kurukaruka na kuimba nyimbo za wapagazi, nyingine si za kuimbiwa mtoto, na Jaha akacheka mpaka akakaa majini.

Walipokuwa wanarudi, Jaha ndiye aliyetangulia.

"Kwetu nitakwenda baada ya mavuno," alisema bila kugeuka.

Moyo wa Mrisho ukapiga paa.

"Kusalimia," Jaha akaongeza. "Na mtoto utambeba wewe, mpaka mbele ya baba yangu."